Aliyebeba bomba hatetemeki

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, Newala. Nimesimama chini ya mkorosho unaonizidi umri, tochi mkononi, meno yananigongana hadi shemeji akiniuliza kama nimelenga tawi la juu nashindwa kumjibu. Nimevaa sweta, juu ya sweta koti, na kichwani nimejitanda kanga ya mke wangu bila aibu yoyote, maana gizani nani anakuona. Shemeji amevaa fulana moja, tena imetoboka mgongoni. Anatoka jasho. Nilimmulika usoni nikaliona limechanganyika na unga wa salfa, linashuka mashavuni kama machozi ya njano.

Mgongoni kabeba bomba la mota. Likijaa salfa na petroli unalisikia mabegani kama ndoo ya maji ya lita ishirini, ila ndoo hii inanguruma na kutikisika. Anapita nalo mti hadi mti, anainua mrija, unga unapanda kama moshi, anashusha, anahama. Kazi hii haifanyiki mchana. Salfa inataka ikute umande bado uko kwenye majani ili inate, na iwahi kabla upepo haujaamka ukaibeba kwenda kwenye shamba la jirani asiyechangia hata shilingi. Na adui tunayempiga vita, ubwiri unga, ni kuvu anayependa hali hiihii inayonitesa mimi: baridi kidogo, unyevu, ukungu. Hukamata majani machanga na maua, maua yakakauka kabla hayajawa korosho. Kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba, wakati mwenye akili kajifunika shuka, mwenye mikorosho yuko shambani.

Mimi ni mtu wa Mikindani, pwani ya Mtwara. Kwetu baridi ni habari ya Njombe na Makete, tunaisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa kama mtu anavyosikia vita vya nchi ya mbali. Nilipooa Newala ndipo nilipotambua kwamba hata Mtwara ina ghorofa yake ya juu. Mji uko kwenye uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 100 hewa inapoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Piga hesabu: unapofika juu, nyuzi kama 4 umeziacha chini pwani. Simu yangu siku ile ilisema nyuzi 16. Mtu wa Makete akisoma hapa atacheka, na acheke.

Lakini kilichonikera hasa haikuwa baridi. Baridi ni ileile, saa ni ileile, wote wawili tulikunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha kutoka sufuria moja. Iweje mmoja atetemeke na mwenzake atoke jasho? Nami ni mwalimu wa baiolojia. Mada ya mwili kujirekebisha joto nimeifundisha kidato cha tatu miaka tisa mfululizo, kwa Kiingereza, wanafunzi wanakariri, mimi nasahihisha, tunaagana. Nikiwa na tochi ile mkononi nikagundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nasomesha maneno tu.

Tuanze na shemeji, maana yeye ndiye rahisi. Msuli ni injini mbovu. Katika kila sehemu nne au tano za nguvu unayochoma, moja tu ndiyo inayokwenda kwenye kazi, kuinua mguu au kubeba bomba. Zilizobaki zote zinatoka kama joto. Mchana wa mwezi wa kumi na mbili huo ni ubadhirifu unaokulowesha shati. Alfajiri ya mwezi wa saba ndio unaokuokoa. Shemeji alikuwa anapanda na kushuka vilima na mzigo ule, mapaja na mgongo vinafanya kazi, na kila hatua ilikuwa inammwagia joto kuliko alivyohitaji. Ikabidi mwili ulitupe nje kwa jasho. Kwake nyuzi 16 ilikuwa feni.

Mimi nilisimama. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi, na tochi haina uzito wa kupasha mtu joto.

Sasa mwili wa mtu aliyesimama kwenye baridi haukubali moja kwa moja kutetemeka. Unaanza na njia za bei nafuu. Ndani ya ngozi kuna vihisio vya baridi, nyuzi za neva ambazo kazi yake ni kupeleka taarifa kwamba huku nje pamepoa. Mwaka 2002 maabara mbili za Marekani, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, kila moja kivyake, zilikipata kijilango cha kihisio hicho kwa kutumia kemikali ya mnanaa. Ndiyo maana pipi ya mnanaa ya dukani kwa Mangi inakupoza mdomo ilhali haina baridi yoyote: inafungua kijilango kilekile. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, kwa hiyo na kwa mengine, likiwemo la pilipili, maana Julius alianza na kijilango cha joto, ambacho pilipili nayo inakidanganya. Taarifa ikitoka kwenye ngozi inakwenda hadi haipothalamasi, kipande cha ubongo kisichozidi sana korosho iliyobanguliwa, ambacho ndicho mweka hazina wa joto. Kinataka ndani pakae kwenye nyuzi 37 au jirani sana na hapo, basi.

Amri ya kwanza ya mweka hazina ni kubana matumizi. Mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, hasa ya vidole, masikio na pua, inasinyaa, damu ya moto inarudishwa ndani kwenye moyo, ini na figo. Vidole vyangu vilikuwa vimekuwa kama si vyangu, nikishindwa hata kubonyeza kitufe cha tochi. Mwili ulikuwa umeshaamua kwamba vidole vya mwalimu vinaweza kusubiri. Na damu hiyo ikijaa ndani, figo zinaona maji yamezidi, zinaanza kuyapunguza. Wale mnaojiuliza kwa nini baridi inawapeleka chooni mara tatu kabla ya kucha, jibu ndilo hilo.

Amri ya pili ni malaika. Vinyweleo vile vidogo vya mikononi na shingoni Kiswahili kimeviita malaika, na asubuhi ile malaika wangu wote walikuwa wamesimama. Chini ya kila unywele kuna kimsuli kidogo mno kinachouvuta usimame. Kuku akifanya hivyo anafaidika: mtazame jogoo alfajiri ya baridi juu ya kichanja, kajifutua hadi kawa mara mbili, hewa imenaswa kati ya manyoya, kajitengenezea blanketi. Sisi tulishaachana na manyoya zamani. Malaika wanasimama, wanatazama huku na huku, hawaoni cha kufunika, wanakaa.

Halafu misuli inaanza kukaza. Hutetemeki bado, ila shingo na mabega yamepanda, taya zimebana. Ukipuuza hapo, amri ya tatu inatoka, na hiyo huwezi kuipinga hata ukiwa askari kwenye gwaride. Misuli inaanza kujivuta na kujiachia haraka haraka, mara kadhaa kwa sekunde, na uhondo wenyewe ni kwamba inavutana yenyewe kwa yenyewe: unaokunja mkono na unaounyoosha inafanya kazi kwa pamoja, mkono hauendi popote. Hakuna kilichobebwa wala mti uliopulizwa. Na kwa kuwa hakuna kazi iliyofanyika, nguvu yote iliyochomwa inageuka joto.

Nchi hii tumewahi kuwa na wafanyakazi hewa, waliolipwa mshahara na kazini hawaonekani. Kutetemeka ni kazi hewa ya halali. Mshahara unatoka, kazi haipo, ila joto linabaki ndani ya nyumba.

Mtu mzima aliyetulia tuli anatoa joto karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 100. (Darasa langu lina wanafunzi 60. Hizo ni wati 6,000, kama pasi sita za umeme zimewashwa chumba kimoja, halafu mkaguzi anauliza kwa nini wanasinzia kipindi cha saa nane.) Ukitetemeka sawasawa, joto hilo linaweza kufika mara nne hata mara tano. Kwa hiyo mimi niliyesimama na tochi sikuwa nimepumzika hata kidogo. Nilikuwa nafanya kazi ngumu, huenda inayokaribia ya shemeji, kwa kuni zilezile: sukari iliyowekwa akiba kwenye misuli na ini, kisha mafuta. Muhogo wa asubuhi ulikuwa unaungua kwa wote wawili. Wa kwake ulipuliza mikorosho, wa kwangu ulitikisa meno.

Kwamba huku ni kuungua kwelikweli, si mfano wa mwalimu, lilionyeshwa zamani. Majira ya baridi ya mwaka 1782 kuamkia 1783, jijini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mnyama. Kisha wakalinganisha na joto la mkaa unaoungua na kutoa kiasi kilekile cha hewa anayotoa simbilisi akipumua. Hesabu zilikaribiana. Lavoisier akasema kupumua ni kuungua polepole, kama mshumaa. Wanamapinduzi walimkata kichwa mwaka 1794 kwa sababu alikuwa pia mkusanya kodi, jambo ambalo huwa nawaambia wanafunzi wanaosema sayansi haina hatari.

Ndiyo maana nina ugomvi mdogo na lugha yangu mwenyewe. Tunasema baridi imeniingia, baridi imenipiga, imeingia hadi kwenye mifupa. Hakuna kilichoingia. Joto ndilo linalotoka, na mwili unahangaika kuwasha jingine. Najua lugha haibadilishwi na mwalimu mmoja wa Newala. Lakini mtu anayeamini baridi inaingia atatafuta cha kuifukuza, na hapo ndipo nipa, ile pombe kali ya kienyeji, inapopata wateja.

Mjomba wangu ni mvuvi, na kwetu kusini mjomba akikuita mtumbwini huulizi mara mbili. Aliniambia habari ya usiku mmoja wa kusi, miaka ya ujana wake, dau lao lilipojaa maji likageuka tumbo juu, wakalikalia watu wanne hadi kulipopambazuka. Bahari yetu mwezi wa saba na wa nane ina nyuzi kama 25 au 26. Mgeni wa hotelini anaingia na kuisifu. Anaisifu kwa dakika ishirini, kisha anarudi kwenye taulo lake. Maji yanachukua joto la mwili kwa kasi inayoizidi hewa mara 25 hivi, na mtu aliyetulia ndani ya maji anahitaji yawe na nyuzi 33 au zaidi ili asipoteze joto kuliko analotengeneza. Kwa maneno mengine, mwili ukizama kwenye bahari ya Mtwara kwa saa nyingi uko kwenye baridi, hata kama mnazi uko pale ufukweni unapepea.

Watatu kati yao, alisema mjomba, walitetemeka usiku kucha hadi dau lenyewe likawa linagonga. Wa nne alikuwa amekunywa nipa kabla ya kutoka, ili kujikinga, na mwanzoni ndiye aliyewacheka wenzake. Alisema anasikia joto. Alikuwa anasikia joto kweli, na hapo ndipo pombe inapodanganya: inafungua mishipa ya ngozi ambayo mwili ulikuwa umeibana kwa makusudi, damu ya moto inakimbilia nje, ngozi inachangamka, na akiba ya ndani inamwagwa baharini. Pia inaudhoofisha mtetemeko wenyewe na kushusha sukari ambayo misuli ingeichoma. Kuelekea alfajiri yule bwana alinyamaza. Aliacha kutetemeka. Akawaambia wenzake sasa ni mzima.

“Hapo ndipo nilipoogopa,” mjomba alisema. “Aliyekuwa anatetemeka nilijua yupo. Huyu alikuwa anaondoka.”

Hakusoma baiolojia, lakini ndivyo ilivyo. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 mtu yuko hatarini, na likiteremka hadi karibu 32 au chini ya hapo mtetemeko unazimika, kuni zimekwisha au mweka hazina mwenyewe amelala. Mtu anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, analegea, wengine wanavua hata nguo. Walipookolewa walimvua zile zilizolowa, wakamfunga matanga na nguo kavu, wakamlaza katikati yao. Alipoweza kumeza wakampa chai yenye sukari nyingi. Alipona, akaendelea kunywa nipa, ila nchi kavu.

Mjomba mwenyewe hajawahi kwenda baharini usiku bila kula. Si vitafunio. Ugali wa muhogo, samaki, ukikuta kiporo kiporo. Zamani nilidhani ni ulafi. Sasa naona alikuwa anajaza tangi.

Wanaonishangaza zaidi ni wanawake wa mwani. Mama mdogo ana kamba zake za kufungia mwani kwenye maji, na wakati wa bamvua, bahari ikikupwa, anakwenda na wenzake wanasimama maji ya mapajani saa mbili, saa tatu, wameinama, wanafunga na kufungua. Ngozi za vidole zimekunjamana. Wakitoka, kanga zimeganda mwilini na upepo wa kusi unavuma, na hapo ndipo wanapotetemeka zaidi kuliko walipokuwa ndani, jambo ambalo watoto hudhani ni maajabu. Gramu moja ya maji ikikaukia mwilini mwako inaondoka na joto ambalo lingetosha kuzipandisha gramu 5 nyingine kutoka baridi ya barafu hadi kuchemka. Piga hesabu ya kanga mbili zilizolowa. Mama mdogo hapigi hesabu. Ana kanga kavu ndani ya mfuko wa nailoni, ameufunga kwenye mti wa mtumbwi, na hamkopeshi mtu.

Gramu hiyohiyo ya maji nilikutana nayo tena mahali nisipotarajia, kwenye chumba cha kujifungulia.

Mtoto wetu wa pili alizaliwa mwezi wa sita, usiku, kwenye zahanati yenye dirisha lisilofunga vizuri. Mtoto anazaliwa amelowa. Anatoka kwenye nyuzi 37 anaangukia nyuzi ishirini na kidogo, mwili wake ni mdogo na ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito, kichwa chake pekee ni sehemu kubwa ya eneo analopotezea joto. Na hawezi kutetemeka kama sisi. Hiyo kazi hewa haijui bado. Mama mkwe alikuwa ameshachemsha maji ya kumwogesha, kama alivyowaogesha wote aliowazaa na wajukuu wote kabla ya huyu. Muuguzi, binti mdogo anayeweza kuwa mjukuu wake, akapiga goti kidogo, akasema: “Shikamoo bibi. Maji hayo tumpe mama aoge. Ya mtoto yasubiri kesho.” Shirika la Afya Duniani linataka asubiri angalau saa 24. Mama mkwe alinitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyetunga. Nikatazama ukuta.

Mtoto akakaushwa, akavalishwa kofia, na kwa kuwa mke wangu alikuwa bado anahudumiwa, muuguzi akaniambia, “Baba, vua shati.” Nikavua. Akamlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika kwa kanga mbili na shuka. Wanaiita njia ya kangaruu, na ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alipokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Akawapa mama zao kazi ya mashine.

Niliweka kiganja mgongoni mwake, kati ya mabega. Palikuwa pa moto. Labda nilijidanganya, baba hukubali chochote usiku kama ule, lakini pahali penyewe ndipo. Mtoto mchanga huzaliwa na mafuta ya aina yake, ya kahawia, yamewekwa shingoni, kati ya mabega na kuzunguka figo. Rangi hiyo inatokana na mitokondria tele zenye madini ya chuma. Kwa kawaida mitokondria inachoma chakula na kuutengenezea mwili nguvu ya kutumia. Kwenye mafuta haya kuna protini iitwayo themojenini inayoutoboa mfumo huo, chakula kinaungua, nguvu ya kutumia haitengenezwi, joto tupu linatoka. Mfikirie bodaboda aliyesimama kijiweni gia iko fri halafu anavuta moto: injini inalia, petroli inakwisha, tairi halisogei, na ukigusa ekzosi unaungua mguu. Mtoto wangu alikuwa amelala fofofo, hajatikisa hata kidole, ndani yake injini iko fri na moto umevutwa.

Msomi wa Uswisi, Conrad Gessner, aliyaona mafuta hayo mwaka 1551 kwenye mnyama wa milimani anayelala majira yote ya baridi, akashindwa kuyaweka kwenye kundi, si mafuta, si nyama. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini binadamu anayapoteza akikua. Kilichowaumbua ni mashine za kutafuta saratani, zile zinazoonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari nyingi: kwenye shingo na juu ya mabega ya watu wazima wasio na uvimbe hapo palikuwa panawaka, hasa miezi ya baridi. Mwaka 2009 vikundi vya Marekani, Uholanzi na Ufini vilitoa ushahidi kwa mpigo kwamba wengi wetu tunabaki nayo kidogo, na baridi ndiyo inayoyaamsha. Mtu anayekaa kwenye baridi siku baada ya siku hujiongezea uwezo huo, na mtetemeko wake hupungua. Shemeji amezaliwa Newala. Hilo nalo lilinipa mashaka kidogo kuhusu hesabu yangu ya bomba, nitalirudia.

Kabla sijalirudia, kuna mtetemeko mwingine ambao kila mtu wa Mtwara na Lindi anaujua kabla hajajua kusoma. Nilikuwa na miaka kama tisa, Mikindani, mchana wa mwezi wa pili, bati limepasuka kwa jua. Nilikuwa nimejikunyata juani ukutani, natetemeka, naomba blanketi. Mama akanipa. Nikaomba jingine. Ngozi inachoma ukiigusa, mimi naapa naganda. Sikuwa nasema uongo. Vimelea vya malaria vikikomaa ndani ya chembe nyekundu za damu huzipasua zile vilimokaa karibu kwa wakati mmoja, takataka zinamwagika, kinga ya mwili inapiga kelele, na ujumbe unafika kwa mweka hazina: panda. Anahamisha kiwango kutoka 37 kwenda 39 au 40. Kuanzia sekunde hiyo mwili wenye nyuzi 37 ni mwili wenye upungufu. Mishipa inabana, malaika wanasimama, misuli inaanza kazi hewa, vyote vilevile nilivyovihesabu chini ya mkorosho, ila safari hii hakuna baridi popote. Joto likishafika 40 unatulia. Kiwango kikirudishwa chini, unatota jasho shuka zima. Vidonge vya kushusha homa vinafanya kazi hapohapo, vinaizuia ile kemikali inayomwambia mweka hazina apandishe. Vimelea vyenyewe vidonge hivyo havivigusi, hivyo vinahitaji dawa mseto baada ya kipimo. Yale mablanketi ya mama yalinisaidia kufika 40 upesi zaidi, basi. Nilipata degedege jioni ile. Mama hajawahi kulizungumzia, na mimi simkumbushi.

Turudi shambani. Nilimweleza shemeji nadharia yangu tukiwa tumekaa juu ya magunia, jua limeshatoka, anakunywa uji. Nikamwambia kwamba bomba ndilo linalompasha joto, kwamba msuli ni injini mbovu, kwamba mimi na tochi yangu nilifanya kazi bure. Nikakiri pia kwamba huenda ni mwili wake tu, kazaliwa huku, ameshazoea. Njia pekee ya kujua, nikasema, ni kesho tubadilishane: yeye ashike tochi, mimi nibebe bomba, kwa ajili ya sayansi.

Alimaliza uji kwanza. Akapangusa mdomo kwa kiganja, salfa ikampaka masharubu njano.

“Shemeji,” akasema, “unadhani miaka yote hii, kila mwezi wa saba, kwa nini bomba nalibeba mimi tu?”

Kesho yake nilikuja na makoti mawili.